Maganda, Kokwa na Nguruwe wa Mama Sabina

Siku ya kuniaga, meneja alisema nimekitumikia kiwanda kwa uaminifu na uadilifu. Nilimshukuru, ila nilitamani aseme nimekitumikia kwa pua. Uaminifu hata karani wa posta anao. Mimi kazi yangu niliifanya kwa pua, na ndiyo iliyochakaa kuliko kiungo kingine chochote mwilini mwangu.

Ninawaandikia ninyi mliobaki kwenye mtambo. Injinia Beatha ndiye aliyeniomba. "Dada Skola," aliniambia, "hawa wageni wanajua kusoma geji tu. Hawajui mtambo ulitokea wapi." Basi nitaeleza ulitokea wapi. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kiwandani pale Lumemo zamani kidogo, kabla hakijawa na gesi wala mafuta. Nilikuwa nimeshuka kutoka Mahenge kumfuata mume wangu, aliyekuwa amepata kazi ya ujenzi Ifakara mjini. Kiwanda kilikuwa kinakamua juisi ya embe na kukausha mapapai na ndizi, na mimi kichwani nilishajiona nimevaa koti jeupe na kofia ya wavu, nachagua maembe mazuri mezani. Asubuhi ya kwanza msimamizi alinitazama mikono badala ya uso.

"Unaweza kusukuma toroli?"

Nikasema ninaweza. Jibu hilo ndilo lililopanga maisha yangu yote yaliyofuata.

Toroli lilikuwa la maganda. Kila embe lililoingia kiwandani lilitoa juisi kwa mlango wa mbele, na kwa mlango wa nyuma likatoa ganda na kokwa, na mlango wa nyuma ulikuwa wangu. Nilisukuma toroli hadi kwenye lundo lililokuwa nyuma ya uzio, nikamwaga, nikarudi. Lundo lilikuwa kubwa kiasi kwamba wafanyakazi tuliliita Udzungwa Ndogo. Msimu wa maembe ulipopamba moto lilikuwa linafuka mvuke asubuhi kama milima yenyewe, na kwa mbali, kama hukuwa na pua, lilipendeza.

Harufu yake ilikuwa na ngazi. Siku ya kwanza ganda lilinukia utamu, baadaye likanuka kama pombe, halafu kama siki, na mwisho kama kitu ambacho sitakiandika hapa kwa sababu baadhi yenu mnasoma mkila. Mama mkwe wangu alikuwa ananipokea uani na ndoo ya maji na kanga safi, na hakuniruhusu kuvuka mlango na nguo za kazi. Faida ilikuwa moja: nikipanda bajaji jioni, nilipata kiti cha nyuma chote peke yangu.

Wateja wa lundo walikuwa inzi, kunguru, ngedere na nguruwe wa Mama Sabina.

Mama Sabina mnamjua kwa jina, ila wengi wenu hamkumwona enzi zake. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni iliyopakana na kiwanda, Mpogoro kama mimi, mrefu, mwenye sauti ya kuita wanafunzi kutoka uwanja wa mpira bila kutoka jikoni. Nyumba yake ilikuwa kati ya shule na uzio wetu, na hapo alifuga nguruwe. Mkubwa wao alikuwa dume mweusi aliyeitwa Mheshimiwa, kwa sababu alitembea taratibu na hakumpisha mtu njia.

Maembe yakikaa juani yanachacha, na yakichacha yanakuwa pombe. Sisi tulilijua hilo kwa pua, Mheshimiwa alilijua kwa tumbo. Alasiri moja alitoka kwenye lundo anapepesuka, akafika katikati ya barabara, akalala. Bajaji zikajipanga huku na huku, madereva wanapiga honi, yeye anakoroma. Mama Sabina alikuja moja kwa moja hadi getini kwetu, akanikuta mimi na toroli langu.

"Mama Deo," alisema, "mmemlevya nguruwe wangu."

"Hatukumwita, mama. Amekuja mwenyewe."

"Hata walevi wa kilabuni huja wenyewe. Ila wakianguka barabarani tunamuuliza mwenye kilabu."

Tungeishia kucheka, kama si yale aliyoongeza kabla hajaondoka. Alisema maji ya lundo yanaingia mtaroni, mtaro unaingia mto Lumemo, na wanawake wanaofua kule chini wameanza kuwashwa mikono. Hilo halikuwa la nguruwe. Nilikwenda kutazama mwenyewe, nikayaona maji meusi yanakwenda polepole na povu juu yake.

Mama Sabina alipeleka malalamiko kwenye mkutano wa mtaa. Bwana afya alikuja, akalizunguka lundo akiwa amejiziba pua kwa leso, akasema wazi: tusipopata njia nyingine kabla ya mvua za masika, atapendekeza kiwanda kifungwe. Mkutano mwingine ungeitishwa mvua zikikaribia, na hapo wananchi wangesema wanaonaje. Nilitazama waliokaa upande wetu. Karibu wote tulikuwa wanawake, na karibu wote tulikuwa na watoto waliosoma kwa yale maembe. Jioni hiyo hakuna aliyetania harufu.

Ndipo meneja wa wakati huo akamleta Mzee Rajabu.

Mzee Rajabu alikuwa mtu wa Kigoma aliyekuja ujanani kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Kilombero juu, na maisha yake yote yalipita mbele ya boila zinazochoma makapi ya miwa. Alikuwa amestaafu na kuhamia Ifakara kwa binti yake. Mwembamba, kofia ya kiua kichwani, na bisibisi ndefu mfukoni ambayo sikuwahi kumwona akifungulia skrubu. Alikuwa anaiweka ncha kwenye bomba na mpini sikioni, anafumba macho, anasikiliza. Nilidhani anasali.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya Udzungwa Ndogo muda mrefu.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Usisogee sana, hapo panatitia."

"Marahaba. Ni wewe unayemwaga hapa?"

"Ni mimi."

"Kule kwetu makapi yaliendesha kiwanda kizima. Hapa mnayapa kunguru." Akanigeukia. "Mikono yako inaogopa uchafu?"

Nikamwambia iliacha kuogopa kitambo. Akasema basi amepata fundi, na tangu siku hiyo nikawa chini yake.

Pamoja naye alikuja Beatha, wakati huo ametoka chuo kikuu juzijuzi, msichana wa Morogoro mjini mwenye miwani mikubwa na viatu vyeupe. Viatu vile vilidumu na weupe wao hadi saa nne asubuhi. Lakini msije mkafikiri alikuwa wa kuchekwa. Alivua, akaomba mabuti, na kuanzia hapo akachimba shimo na sisi.

Kitu tulichojenga ni kile mnachokiita leo mtambo namba moja. Sisi tuliuita Tumbo, na jina lilikuwa linaeleza kazi yake. Ni chumba cha saruji chini ya ardhi, kisichoingiza hewa. Unalisha maganda yaliyosagwa na maji upande huu, vijidudu vinakula humo gizani, gesi inapanda juu, na tope lililokwisha kumeng'enywa linatokea upande ule. Gesi ikipita kwenye bomba inafika jikoni. Mzee Rajabu aliniambia nifikirie ng'ombe aliyezikwa akiwa hai, asiyekasirika.

Kosa letu la kwanza ni kwamba tulililisha Tumbo kama boila. Kwenye boila ukitaka moto zaidi unaongeza makapi, na Mzee Rajabu alikuwa mtu wa boila. Kwa furaha tukasaga maganda ya embe, tukamimina, tukasaga tena, tukamimina. Baada ya siku kadhaa gesi ikaanza kutoka. Tukakusanyika, Mzee akawasha kiberiti mbele ya bomba, kikazima. Akawasha kingine, kikazima. Gesi ilikuwa inazima viberiti kama mtoto anayepuliza mishumaa.

"Bado changa," Mzee akasema. "Tuongeze chakula."

Beatha alikuwa amechovya karatasi yake ya kupimia uchachu kwenye tope. Akatuonyesha rangi.

"Mzee, limechacha. Maganda ya matunda yana sukari nyingi, yanageuka siki haraka kuliko vijidudu vya gesi vinavyoweza kula. Tukiongeza tunaviua vyote. Tusilishe kitu, tutafute kinyesi cha ng'ombe."

"Injinia, moto haujawahi kuwaka kwa kunyimwa kuni."

"Hili si jiko, mzee. Hili ni tumbo. Wewe ukivimbiwa unaongeza pilau?"

Mzee Rajabu akaniangalia mimi, akasema, "Skola, tafuta kinyesi." Ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema mwenzake yuko sahihi, na katika muda wote niliokaa naye hakuitumia mara nyingi.

Nilikwenda Michenga, kwa mfugaji mmoja Msukuma aliyeitwa Masanja. Nilimkuta zizini. Nikasalimia, nikakaribishwa maziwa, nikaulizwa habari za nyumbani, na mwisho nikaeleza shida yangu. Masanja aliniomba nirudie. Nikarudia.

"Dada," alisema, "tangu nimeingia bonde hili nagombezwa kwa sababu ya kinyesi. Ng'ombe wakipita njiani, kinyesi. Wakipita karibu na mpunga wa mtu, kinyesi. Nimeitwa ofisi ya kijiji kwa ajili ya kinyesi. Leo umetoka Ifakara na gari kuja kukiomba?"

"Kibichi kabisa, kama kipo."

Akamwita mkewe aje asikie. Walicheka hadi na mimi nikacheka, kisha wakatusaidia kujaza mapipa. Wakati naondoka aliniambia nisitaje nilikokipata, watu wasije wakadhani ameanza biashara.

Tulimimina kinyesi, tukaongeza chokaa kidogo, tukaacha. Kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye mtambo, na ninyi mliozaliwa na simu mkononi itawashinda zaidi. Kila asubuhi nilinusa. Siki ilianza kupungua. Ikaja harufu ya zizi, halafu harufu ya mayai viza, na Mzee akafunga chupa ya vipande vya chuma vilivyoshika kutu kwenye bomba ili viinyonye hiyo. Siku kiberiti kilipokataa kuzima, ulitokea mwali wa buluu, mdogo, usio na moshi wala sauti. Beatha alikaa chini kwenye matope. Mzee Rajabu aliutazama, akasema ni mdogo, akaenda kuswali adhuhuri. Alivyorudi nilimwona ananyata kwenda kuutazama tena.

Tukawa na gesi, tukakosa pa kuichoma. Shule ya jirani ilikuwa inapika kwa kuni, na mkuu wa shule alikubali bomba lipite, kwa sharti kwamba mpishi akubali. Mpishi alikuwa Mama Sabina.

Tulimkuta jikoni, macho mekundu kwa moshi, anageuza ugali kwa mwiko mrefu kama kasia.

"Nipikie watoto wa watu kwa mavi ya ng'ombe na maganda yaliyooza," alisema.

"Chakula hakigusani navyo, mama," Beatha akasema. "Ni moto tu."

"Kuni ni moto. Huu wenu naambiwa hata kuuona shida." Aliendelea kugeuza. Halafu akaweka mwiko pembeni. "Basi sikilizeni. Mkutano wa mtaa ni Jumamosi. Ijumaa nitapika maharage kwa gesi yenu. Maharage hayana upendeleo. Yakiiva kabla ya kengele ya mchana, nitasimama mkutanoni niwatetee. Yasipoiva, nitasimama vilevile."

Tulijua maana yake. Mama Sabina ndiye aliyepeleka malalamiko, na upande atakaoegemea ndio mtaa mzima ungeegemea.

Wiki hiyo tulichimba mtaro wa bomba kutoka kwenye Tumbo hadi jikoni, tukipita nyuma ya banda la nguruwe kwa sababu ndiyo njia fupi. Udongo tulioufukia ulikuwa laini na wenye unyevu. Lishikeni jambo hilo.

Ijumaa asubuhi sufuria kubwa lilibandikwa. Mwali ulitoka mzuri, umejipanga duara chini ya sufuria. Mama Sabina aliinama, akautazama, akapitisha mkono karibu kuhakikisha ni moto kweli. Maji yakachemka. Akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hana la kufanya jikoni kwake. Akasema, "Mh." Tuliipokea kama sifa.

Maharage yalikuwa yamefika pale yanapoanza kupasuka ganda lakini katikati bado yanagonga meno, mwali ulipoanza kukohoa. Ukapanda, ukashuka, ukageuka wa njano, ukazima. Beatha akawasha. Ukakohoa, ukazima.

Mama Sabina alianza kukunja mikono ya gauni, kama mtu anayejiandaa kwenda kuleta kuni.

"Tupe muda kidogo, mama," nikamwambia.

"Kengele haina muda kidogo, Mama Deo."

Mzee Rajabu alishapiga magoti kwenye bomba, bisibisi sikioni. Akafumba macho. "Kuna maji," akasema. "Nasikia yanagugumia. Gesi inapita kwenye maji kama mtu anayesukutua."

"Haiwezekani yatuame," Beatha akasema. "Bomba lina mteremko, nimelipima mwenyewe. Mvuke ukigeuka maji unarudi kwenye Tumbo." Akafikiri. "Labda kuna mahali limeshuka."

Nikatoka mbio kufuata mtaro. Nilipita ua wa jiko, nikapita kisima cha shule, nikafika nyuma ya banda. Hapo nikasimama. Kwenye udongo wetu laini, wa baridi, uliofukiwa vizuri, Mheshimiwa alikuwa amejichimbia shimo la kutosha mwili wake wote, amelala kiubavu, na chini ya ubavu wake bomba letu limedidimia kama kamba ya kuanikia nguo.

Nikawaita. Walikuja wote watatu. Mzee Rajabu alipoona ni nini, alirudi nyuma hatua kadhaa na kukusanya kanzu yake.

"Mama Sabina," alisema kwa upole kabisa, "mwamshe mwenyewe ndugu yako. Mimi mpaka wangu ni hapa."

Mama Sabina alimtazama Mheshimiwa. Akatutazama sisi. Nilimwona anapambana na uso wake, na uso ukashinda. Alicheka akiwa ameshika kiuno, akafuta machozi na pindo la kanga, kisha akamshika dume sikio na kumnyanyua kwa maneno ya Kipogoro ambayo sitawatafsiria. Mimi na Beatha tukalinyanyua bomba, tukalitilia mawe chini, Mzee akafungua koki ya mwisho na maji yakatoka ya kujaza jagi. Gesi ikaja nyuma yake ikipumua.

Mwali ulivyorudi, Mama Sabina alipunguza maji kwenye sufuria bila kuambiwa na akafunika vizuri. Kengele ililia wakati anaonja. Alitafuna taratibu. Akachukua la pili.

"Yameiva," alisema. "Lakini chumvi bado, subirini nje."

Jumamosi alisimama mkutanoni. Nilikuwa nimekaa nyuma na wenzangu wa kiwandani, vidole vimefungamana. Alisema hivi, na nayakumbuka kwa sababu hakuna wakili ambaye angeyasema vizuri zaidi: "Mimi ndiye niliyelalamika. Jana nimepika maharage bila moshi, na leo macho yangu mnayaona. Gesi yao ilikatika katikati, sitawaficha. Ilikatika kwa sababu nguruwe wangu alikuwa ameilalia. Kwa hiyo naomba hawa wapewe muda, na mimi nipewe muda wa kujenga banda."

Watu walicheka, na wakicheka watu hawafungi kiwanda. Bwana afya alitupa hadi mwisho wa masika, kwa sharti tulimalize lundo. Tulilimaliza. Kila siku tulilisha Tumbo kwa kipimo, tope lililotoka tuliligawa kwa wenye migomba na mboga, na mvua zilipokuja Udzungwa Ndogo ilikuwa imebaki kichuguu. Wanawake walirudi kufua mtoni. Niliacha kupata kiti cha bajaji peke yangu.

Kilichobaki kwenye kile kichuguu ni kokwa. Tumbo halimeng'enyi kokwa za embe, ni ngumu mno, na zikiingia zinakaa chini kama mawe. Hapo tukaanza kazi ya pili, ambayo ilikuwa wazo la Beatha tangu mwanzo hadi mwisho. Ganda gumu la kokwa tulilikausha, tukalichoma kwa hewa kidogo, tukalisaga na kulikandamiza kuwa mkaa mbadala. Ile mbegu nyeupe ya ndani tulikamua mafuta. Ni mafuta mazito, ya rangi ya siagi, yenye harufu nzuri, na wanawake wa kiwandani kwanza walijipaka. Beatha akayachanganya na dawa zake, amevaa glavu na barakoa, akapata dizeli ya rangi ya chai ya rangi. Dawa zile si za mchezo, na mkinisikiliza kwa jambo moja tu basi liwe hili: msizishike bila glavu, na msichanganye karibu na moto hata kama mna haraka.

Mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Namawala alikubali tuijaribu kwenye injini yake. Mchana wa jaribio la kwanza iliwaka vizuri, ikatoa moshi unaonukia kama mtu anakaanga kitu. Watoto walikuja wakidhani kuna maandazi. Tukamwachia dumu zima, tukarudi Ifakara tumejaa sifa.

Ilikuwa mwezi wa Juni. Asubuhi iliyofuata akapiga simu, hakusalimia. Tulipofika tulikuta wanawake wamekaa juu ya magunia yao ya mpunga, wamejifunika vitenge kwa baridi, na injini haitikisiki. Beatha akafungua tangi. Mafuta yalikuwa yameganda meupe, na kijiko kingesimama ndani yake.

"Mwanangu," mama mmoja alimwambia Beatha, "tukopeshe kidogo tukaungie mboga."

Wakacheka wote. Nilimtazama Beatha nikijua usiku mwingi aliomaliza kwenye kazi ile. Aliinama juu ya tangi muda mrefu, nikadhani analia. Kumbe alikuwa anacheka na yeye, miwani imepata ukungu. "Mafuta ya embe ni mafuta ya jua," alisema. "Nimeyapima mchana siku zote." Mzee Rajabu, aliyekuja kwa kuwa hakuna aliyeweza kumzuia, alivua koti lake akalifunga kwenye tangi kama anamvika mgonjwa. Halafu walikaa chini, yeye na Beatha, wakachora kwenye vumbi. Suluhisho walilolipata ndilo mnalotumia hadi leo: injini iwashwe kwa dizeli ya kawaida, maji yake ya moto yapitishwe kwenye kibomba kinachozunguka tangi, na mafuta ya kokwa yaingie yakishapata joto. Ilichukua majaribio mengi. Wanawake wa Namawala walikoboa mpunga wao kwa embe msimu huo, na yule mama aliyeomba ya kuungia mboga alikuwa akituulizia kila tukifika.

Safari ile ya Namawala ndiyo ilikuwa ya mwisho kubwa kwa Mzee Rajabu. Masikio yake yalikuwa yanakufa. Boila za ujanani zilikuwa zimeyala polepole. Siku moja nilimkuta kaweka bisibisi kwenye bomba muda mrefu kuliko kawaida. Akanipa mpini.

"Sikiliza wewe. Unasikia nini?"

Nikamwambia nasikia kama mvua ya mbali, ya sawasawa.

"Hiyo ndiyo nzuri," akasema. "Mimi nasikia mawimbi ya Kigoma tu."

Alifariki kwa binti yake kabla ya mavuno ya maembe ya mwaka uliofuata. Tulimzika Ifakara. Mama Sabina alikuja na sufuria la maharage kwa waombolezaji, akapika mwenyewe, na aliwaeleza ndugu waliotoka Kigoma habari za Mheshimiwa hadi msiba ukawa na vicheko. Sijui kama ilifaa. Nadhani angeruhusu.

Miaka iliyofuata mnaijua, maana wengi wenu mlishaanza kuingia: mtambo wa pili, mashine ya kukandamiza mkaa, wageni wenye kamera wanaoziba pua huku wakitabasamu. Kazi ilikuwa ileile. Asubuhi kunusa, kusikiliza, kulisha kwa kipimo, kutoa maji kwenye bomba. Wengi wenu mtanizidi kwa hesabu, na ni sawa. Msitegemee tu kwamba geji itawaambia mtambo umechacha kabla pua haijawaambia.

Nikastaafu. Meneja akasema ya uaminifu na uadilifu, tukala, nikapewa saa ya ukutani na kitenge, nikaenda nyumbani.

Kesho yake asubuhi nilimenya papai kwa ajili ya chai. Nilipomaliza nilitoka uani na maganda na mbegu zake kwenye bakuli, nikasimama. Sikujua pa kuyatupa. Nyumbani kwangu kuna shimo la taka kama nyumba nyingine zote, na mama mkwe wangu, sasa mzee sana, aliniita kutoka ndani akauliza nimesimamia nini. Nikasema nakuja. Nikayafunga kwenye mfuko, nikapanda bajaji hadi Lumemo.

Getini alikuwepo mlinzi mpya, aliyeajiriwa wiki ileile. Hakunijua.

"Shikamoo, mama. Una miadi?"

"Marahaba. Sina. Nimeleta maganda."

Akauchungulia mfuko kwa heshima, kana kwamba watu humletea maganda kila siku, kisha akaninyooshea kidole.

"Ya majumbani yanapokelewa mlango wa nyuma, mama. Zunguka kulia, usipotee."

Nikamshukuru. Nikazunguka kulia, wala sikupotea.